Sukari Iliyowasha Taa

Jumatatu, 3 Machi

Daku: uji na nusu ndizi. Mama akarudi kulala. Mimi usingizi ulikataa, nikakaa na kitabu cha kemia mpaka kukapambazuka. Kisha kwa miguu hadi shule. Mabasi bado hayana mafuta.

Mwalimu wa kemia ametugawa wawili wawili. Kila jozi itafanya exposé, yaani itawasilisha somo mbele ya darasa, na lazima kuwe na jaribio linaloonekana kwa macho. Alama zake ni nyingi, zinaweza kumwinua mtu au kumzamisha. Sisi tumepewa aina za muungano kati ya atomu, na tabia za kila aina. Hakuna somo ninalolipenda kuliko hilo. Ningefurahi, ila kuna mambo mawili. La kwanza ni kusimama mbele ya watu. La pili ni Josiane.

Josiane ni yule wa benchi la nyuma anayecheka kwa sauti. Alikuja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mama yake. Wanakaa Kanyosha, kusini mwa mji, mama yake anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Anarudia darasa hili. Akianguka tena, shule haimpokei. Hiyo sheria kila mtu anaijua. Na kemia ndiyo inayomwangusha. Kwa hiyo mwaka wake sasa uko kwenye exposé yetu. Sikuuomba.

Alikuja kwenye dawati langu. "We Zaina, we utafikiri, mi nitasema. Sawa?"

Nikasema sawa. Nadhani ndilo neno pekee nililolitoa shuleni leo.

Jumatano, 5 Machi

Josiane amekuja kwetu Buyenzi baada ya masomo. Nilimweleza uani, tukiwa tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa.

Sodiamu ina elektroni moja ya nje inayoihangaisha. Klorini imepungukiwa na moja. Sodiamu inatoa, klorini inapokea. Kila moja inabaki na chaji yake, na chaji hizo zinavutana kwa nguvu. Hiyo ndiyo chumvi. Ndani ya maji zinaachana, zinazunguka zikiwa na chaji zao, kwa hiyo umeme unapata wa kuubeba. Wale wabebaji wanaitwa ioni.

Sukari ni mambo mengine. Atomu zake hazitoi wala hazipokei. Zinashika elektroni kwa pamoja. Ukiitia kwenye maji, kila molekuli inaondoka ikiwa nzima. Haina chaji. Umeme haupati wa kuubeba.

Metali: elektroni za nje hazina mwenyewe. Zinapita kwa wote. Ndiyo maana msumari unapitisha umeme ukiwa mkavu, na ukiupiga nyundo unabonyea tu. Punje ya chumvi ukiipiga inavunjika.

Josiane alisikiliza akiwa amekunja uso. Nikadhani hajaelewa kitu. Kisha akasema, "Njo vile kwetu. Sahani moja, kila mutu anaingiza mukono. Kwetu tuko chuma." Akafikiri kidogo. "Na mi na we tuko chumvi. We unatoa, mi napokea." Akacheka mpaka Mama naye akacheka jikoni bila kujua cha kuchekea.

Nilikasirika. Baada ya futari nikajikuta nacheka peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempora Baba misumari miwili mirefu. Yeye anachomelea mageti, ana misumari ya kila namna, lakini alinung'unika kana kwamba nimemng'oa jino. Taa nimeitoa kwenye tochi. Mama anaitafuta tochi.

Siwezi kukaa. Nakaa, nasimama, nafungua kitabu, nakifunga. Mama anasema ni njaa. Si njaa.

Jumapili, 9 Machi

Jaribio limefanyika uani, mchana, na limekubali.

Bomba letu halina maji tangu juzi. Tulitumia maji ya pipa, yale yanayoshuka kutoka kwenye mabati mvua ikinyesha. Betri, waya, taa, misumari miwili ndani ya glasi bila kugusana.

Maji peke yake: giza. Maji na sukari: giza. Maji na chumvi: taa ikawaka, nyeupe, na mapovu madogo yakapanda kwenye msumari mmoja. Josiane aliyapenda mapovu kuliko taa. Chumvi kavu: giza. Msumari mkavu: taa.

Sukari yetu ni nyeupe na laini, karibu sawa na chumvi. Nilitaka kuwa na uhakika, na nimefunga, siwezi kuonja. Nikamwambia Josiane aonje. Akatia kidole kwenye kila karatasi. "Hii chumvi. Hii sukari. Bon, nimekuwa ulimi yako."

Baadaye alifanya mazoezi ya kusema. Nilishangaa. Anaieleza kemia kama anayeuza kitu: anasogea mbele, anakupa, anakunyang'anya, anakurudishia. Mimi ningesoma karatasi nikiwa nimeificha sura yangu nyuma yake.

Tumegawana. Yeye ataleta sukari, maana ya kwetu haifiki mwisho wa wiki. Mimi nitaleta chumvi, maji na vyombo.

Jumanne, 11 Machi

Kesho.

Nimejaza chupa ya maji ya pipa. Nimepanga begi, nimelipangua, nimelipanga tena. Betri nimezijaribu asubuhi, adhuhuri na kabla ya futari. Baba alisema nikiendelea hivyo zitaisha kabla ya kufika shule. Nikaogopa, nikaziacha.

Na Mwalimu akiniuliza mimi? Josiane ameahidi kujibu yote. Lakini akiniuliza mimi?

Jumatano, 12 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa mpangilio, huenda nikaona kosa liko wapi.

Asubuhi kila kitu kilikuwa sawa. Adhuhuri maji ya shule yalikuwa yamekatika, nikatawadha kwa maji ya chupa yangu nyuma ya darasa, nikasali. Kabla ya kipindi bomba likarudi, nikajaza chupa upya. Josiane alikuja na sukari yake kwenye mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa fundo. Nyeupe, safi.

Alisema vizuri. Alisema vizuri sana. Hata Landry, anayekaa mbele na kumsahihisha kila mtu Kifaransa, alinyamaza. Mimi nilikuwa nikishika waya tu, macho chini. Msumari: taa. Chumvi kavu: giza. Maji na chumvi: taa, na mapovu, na darasa likasema eeeh.

Kisha Josiane akainua glasi ya pili. "Sasa sukari. Muangalie. Taa itakataa."

Taa ikawaka.

Hafifu, lakini iliwaka. Benchi la mbele waliiona vizuri. Nilitoa misumari, nikaifuta, nikairudisha. Ikawaka tena. Kicheko kilianza kwa Landry, kikaenda hadi ukutani na kurudi.

Mwalimu akauliza nani ameleta sukari. Josiane akasema ni yeye. Mwalimu akauliza kwao wanauza nini.

"Ndagala, Prof."

"Na ndagala mnaitia nini?"

"Chumvi, Prof. Lakini sukari iko mbali na..."

Mwalimu alimwita Landry aonje. Landry akalamba kidole. "Tamu, Prof!" Mwalimu akasema chumvi kidogo inaweza kujificha ndani ya utamu, na ndiyo maana taa ilikuwa hafifu. Jaribio linataka mikono safi. Akasema kazi ya maandishi ni nzuri, hiyo ni yangu, nitapata alama zangu. Jaribio ni sifuri, na sifuri hiyo ni ya aliyeleta sukari chafu.

Akanigeukia. "Zaina, una la kusema?"

Josiane alikuwa akiniangalia. Nilijua sukari ile ni safi. Nilijua tu, sikuwa na ushahidi.

Nikatikisa kichwa.

Tulipokuwa tunatoka Landry akasema, "Sukari ya ndagala!" Watu wakalirudia hadi getini.

Alhamisi, 13 Machi

Josiane amehamia kona ya mbali kabisa. Hanisemeshi. Akipita, Landry anavuta hewa kwa pua kama mtu aliye sokoni.

"Landry, kama una njaa useme tu," Josiane akamwambia. "Mama atakupimia kikombe."

Watu walicheka upande wake mara hii. Yeye hakucheka. Nilimwona akinusa mkono wa sweta yake alipodhani hakuna anayemwona.

Mwalimu anafunga alama Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa sifuri ile Josiane hawezi kuvuka. Mimi nimevuka vizuri sana. Najisikia kama mtu aliyekula futari ya mwenzake.

Ijumaa, 14 Machi

Josiane hakuja shule.

Mfuko wake wa sukari ulikuwa umebaki kwenye begi langu. Nimeijaribu uani. Maji ya pipa, sukari yake, betri zilezile, misumari ileile.

Giza.

Nikaongeza sukari, nikabakiza nusu ya mfuko. Giza. Nikasogeza misumari karibu. Giza.

Basi sukari haina kosa. Na betri hazina kosa. Kosa liko wapi? Nimezunguka ua mpaka Mama akaniambia nitachimba mtaro.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeliona.

Mama alinipa birika la chai nilisugue kabla ya futari. Ndani kuna gamba jeupe, gumu, halitoki hata kwa mchanga. Nikalalamika. Mama akasema, "Hiyo ni maji ya bomba, inatoka mu ziwa. Ya mvua haiachi kitu. We sugua tu."

Nilibaki na mkono ndani ya birika.

Gamba lile halikutoka kwenye majani ya chai. Lilikuwa ndani ya maji, halionekani, halina rangi. Maji yakaondoka kwa mvuke, lenyewe likabaki. Mito inashuka milimani, inalamba mawe, inaingia ziwani na vile ilivyovilamba. Vitu vya namna hiyo ndani ya maji ni ioni. Kama za chumvi, ila kidogo.

Na chupa. Maji ya pipa niliyamaliza nikitawadha. Nikajaza ya bomba. Maji ni maji, nilisema moyoni. Hata hatukujaribu maji peke yake mbele ya darasa, kwa kuwa nyumbani yalikuwa yamekataa.

Nimeweka sahani mbili juu ya mabati, moja maji ya bomba, nyingine ya pipa, zikauke. Mvua ikanyesha ndani ya zote mbili. Nililia kwa hasira kama mtoto.

Jumapili, 16 Machi

Jua kali tangu asubuhi. Nimeweka sahani upya. Kila baada ya muda mfupi nilipanda kwenye ndoo kuzichungulia.

Sahani ya pipa: doa la vumbi, basi. Sahani ya bomba: pete nyeupe pembezoni, ukiipitishia kucha inatoka unga.

Kisha taa. Maji ya bomba peke yake, hakuna sukari, hakuna chumvi. Ikawaka. Hafifu, vilevile kama siku ile.

Nilicheka kwa sauti. Nikakaa kizingitini.

Aliyebadilisha maji ni mimi. Hakuna mwingine aliyeniona. Hakuna atakayeyajua haya nisipoyasema, na kusema ndicho kitu ambacho mimi siwezi. Josiane amebebeshwa uchafu ambao haukuwepo. Na mimi nimekaa hapa na sahani.

Jumatatu, 17 Machi

Josiane hajaja.

Saa ya mapumziko nilikwenda kwenye chumba cha walimu. Nilifika mlangoni. Niliinua mkono. Ndani walikuwa wanacheka, vikombe vinagongana. Nilisimama na mkono hewani mpaka bega likauma. Nikarudi darasani.

Najichukia leo.

Nilitazama mchoro wa molekuli ya maji kipindi kizima. Oksijeni katikati, hidrojeni mbili kama masikio. Upande mmoja una chaji hasi kidogo, mwingine chanya kidogo, ndiyo maana molekuli za maji zinashikana, na ndiyo maana yanaweza kuing'oa chumvi. Atomu hazijiulizi. Zikikaribiana zinafanya zinachofanya. Ningependa kuwa hivyo, kwa siku moja tu.

Jumanne, 18 Machi

Nimesema. Nusu.

Nilimngoja Mwalimu kwenye korido ili nisipate mlango wa kuogopa. Nikaanza. Aliinama. "Plus fort." Nikaanza tena, kwa sauti zaidi. Pipa, udhu, bomba, birika, sahani. Nilikuwa naongea na kifungo cha shati lake.

Alinyooka. Kisha akasema, "Siku ile nilikuuliza mbele ya wote, ukatikisa kichwa. Yule msichana amechekwa mbele ya wote. Leo unaniambia mimi, kwenye korido, kwa sauti ya mgonjwa." Akarekebisha miwani. "Alhamisi, mwanzo wa kipindi. Mbele ya wote, na vyombo. Ukishindwa, alama zinabaki kama zilivyo."

Baada ya masomo nilitembea hadi Kanyosha. Njia ni ndefu, jua lilikuwa usoni, nilipita chini ya mtaa wa Kinanira nikitamani kukaa kwenye kila jiwe. Sikujua nyumba yao. Nilikwenda sokoni, nikafuata harufu.

Josiane alikuwa nyuma ya meza ya ndagala, anazirundika juu ya kikombe cha kupimia mpaka zinatengeneza kilima. Mama yake, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha njano kichwani, alinipa maji ya kunywa, akakumbuka mfungo, akajipiga paji la uso. "Pole, mwanangu. Kaa."

Nilisimama. Nilimweleza Josiane yote. Hakuacha kupima.

"Siku ile ulikuwa na mudomo?" akauliza.

Nikasema nilikuwa nao.

"Nilikuangalia, Zaina. Nilisema mu roho, sasa atasema, yeye njo anajua. Ukafanya hivi." Akatikisa kichwa kama nilivyokitikisa. Aliniiga vizuri mno.

Nikamwambia kuhusu Alhamisi. Nikamwomba aje.

"Apana. Nije kusikia wananicheka mara ya pili? Mi niko na kazi."

Mama yake akamnyang'anya kikombe. "Kazi ya nani? Hii ndagala hata kesho itanuka, haina haraka. We enda kusoma."

Josiane akageuka kupanga ndagala. Nilirudi, adhana ya magharibi ikanikuta bado njiani, na mwanamke mmoja nisiyemjua akanipa tende mbili mlangoni kwake.

Jumatano, 19 Machi

Nimefanya mazoezi mbele ya pipa. Pipa halicheki. Nikafanya mbele ya Mama. Akasema hasikii. Nikafanya tena. Akasema sasa anasikia lakini haelewi. Baba akazima mashine yake ya kuchomelea, akaja na miwani yake nyeusi usoni, akasikiliza mpaka mwisho. "Sukari ilikuwa safi," akasema. "Anza na hiyo. Mengine watayangoja."

Sijui kama Josiane atakuja.

Alhamisi, 20 Machi

Kipindi kilipoanza kona ya Josiane ilikuwa tupu. Mwalimu akaniita. Nilipanga vyombo taratibu, taratibu mno, nikisubiri mlango. Mlango ukafunguka. Aliingia, hakukaa. Akasimama nyuma akiegemea ukuta, mikono amekunja.

Nikasema, "Sukari ilikuwa safi."

Mtu wa nyuma akasema hasikii. Nikasema tena, kwa nguvu, na sauti ikapasuka katikati. Walicheka kidogo. Niliendelea. Nilianza kwa Kifaransa, kikanikimbia, nikahamia Kiswahili. Mwalimu hakunikataza.

Sikutaka mtu aseme nimeandaa ujanja. Nikamwambia Landry achukue chupa tupu, aende bombani, ajaze mwenyewe. Alisita, akaenda. Alirudi ameishika kama yai. Nikayamimina kwenye glasi mbele yake, nikatia misumari.

Landry aliinama juu ya meza. Taa ikawaka, hafifu.

"Umeweka nini?" akauliza.

"Hakuna kitu. Ni maji yako."

Hapo darasa likanyamaza, ule unyamavu ambao huwa nauogopa. Mara hii haukuwa juu yangu. Nikapitisha sahani, waione ile pete, waikwangue. Nikaeleza ziwa, mawe, ioni. Nikasema wazi kwamba maji ya mvua niliyatawadhia, nikajaza ya bomba bila kumwambia mwenzangu. Kisha nikachukua maji ya pipa. Peke yake: giza. Nikainua mfuko mdogo wa plastiki, nilioufunga tena fundo kama alivyoufunga Josiane. Sikulifungua. Nikauliza kama mwenyewe atakuja kulifungua.

Alikuja. Ilimchukua muda mrefu kutoka ukutani hadi mezani. Alifungua fundo kwa meno, akamimina yote, akakoroga kwa msumari.

Giza. Kila mtu alikuwa amenyoosha shingo kuangalia taa isiyowaka.

Mwalimu alikuja mbele, akajaribu kwa mkono wake. Giza. Akauliza, "Kwa nini siku ile hamkuanza na maji peke yake?"

Nikasema nyumbani tulianza nayo.

"Na hapa?"

"Hapa hapana, Prof."

Akasema hilo ni kosa la kweli, la wote wawili, na atatukata wote wawili. Kisha akatazama kipande cha chaki mkononi mwake. "Na mimi nilipaswa kuuliza maji yametoka wapi kabla ya kuuliza mama anauza nini." Alilisema haraka, kama anayeuambia ubao. Lakini alilisema. Sifuri imeondoka.

Landry alirudi kwenye benchi lake. Hakuomba radhi. Alikaa tu akichezea kifuniko cha chupa.

Nje nilimngoja Josiane. Yeye akatangulia kusema. "Sauti yako iko kidogo kama ya panya." Akatembea hatua chache, akageuka. "Lakini nimeisikia."

Akaenda zake.

Ijumaa, 21 Machi

Alama zimefungwa. Josiane amevuka kemia, kwa kubana. Muhula mmoja umebaki, hisabati inamngoja. Hakuna aliyeokoka bado.

Amerudi kukaa karibu. Si kwenye benchi langu. Lile la nyuma yake.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Tumesali, tumerudi. Mvua ya asubuhi imepita, pipa limejaa hadi mdomoni. Mama amepika pilau, Baba amelala na kanzu yake mpya, itakunjika.

Mchana Josiane alibisha hodi. Ametoka Kanyosha kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi magotini. Aliosha miguu kando ya pipa kama yuko kwao. Mama akamwita mwanangu, akamwekea sahani.

Alitoa kwenye kikapu kifurushi cha gazeti. Sukari, nyingi kuliko ile ya kwanza. "Mama anasema Idi njema." Akakifungua, akakisukuma mbele yangu. "Onja kwanza. Leo haujafunga."

Nilitia kidole. Tangu Ramadhani ianze nimepima sukari, nimeiyeyusha, nimeitetea mbele ya darasa zima, na sikuwahi kuionja.

Tamu. Tamu tu, hakuna kingine.

Mama alichemsha chai kwa maji ya pipa. Birika bado lina gamba lake la zamani, nimeshindwa nalo. Tulikaa kizingitini, sahani katikati yetu. Leo sijazunguka ua. Nimegundua hivyo sasa, ninapoandika.

Josiane alitia sukari kwenye kikombe chake, kijiko juu ya kijiko, akakoroga, akakifunika kwa kiganja na kuchungulia ndani.

"Haiwaki," akasema.

Tukanywa.